Spanieli na muuguzi mwenye zamu za saa kumi na mbili

Msomaji anauliza: "Shikamoo daktari wa wanyama. Mimi ni muuguzi hapa Leicester, kwetu Moshi. Mume wangu ni dereva wa basi na tuna watoto wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 7. Jirani yetu ana mbwa aina ya koka spanieli wa rangi ya dhahabu, na tangu wanangu wamzoee hatuna amani ndani ya nyumba, na wao wanataka wa kwao. Nimeona tangazo mtandaoni la watoto wa mbwa kwa pauni 650. Muuzaji anataka nitume 200 ili anishikie mmoja, na anasema atanipunguzia safari, tukutane kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu. Nyumba tumepanga, ina bustani ndogo. Zamu zangu ni za urefu wa saa kumi na mbili, nyingine za usiku. Halafu mwakani mama anakuja kukaa nasi miezi sita, na kwetu mbwa hulala nje. Je, spanieli atatufaa? Na kama atatufaa, tumpate wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lenye haraka: hiyo pauni 200 usiitume. Mtu aliyezalisha mbwa nyumbani kwake kihalali hana sababu ya kukukabidhi mtoto wa mbwa kwenye maegesho ya magari. Hapa England, tangu tarehe 6 Aprili 2020, mfanyabiashara haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita ambaye hakumzalisha mwenyewe. Mnunuzi anatakiwa amwone mtoto akiwa na mama yake, palepale alipozaliwa. Huyo muuzaji wako ama hana mbwa hata mmoja, picha ameziokota, ama anao na hataki uone wametoka wapi. Pesa ikienda kwa wa kwanza umeibiwa. Ikienda kwa wa pili umemlipa amzalishe tena yule mama ambaye hutamwona kamwe.

Sasa tuje kwenye kufaa au kutofaa.

Ukiwauliza wenye spanieli watakwambia ni mpole, anapenda watoto, mkia hautulii. Ni kweli, ila hayo hayakusaidii kuamua. Kinachokusaidia ni kujua mbwa huyu alizalishwa afanye kazi gani, maana kazi hiyo bado imo mwilini mwake hata akizaliwa kwenye nyumba ya mjini. Spanieli anaingia vichakani mbele ya mwindaji, anapekua kulia na kushoto kwa pua, mpaka amkurupushe ndege aruke. Akienda mbali mno ndege anarukia nje ya masafa ya bunduki. Kwa hiyo kwa vizazi na vizazi wafugaji waliwachagua mbwa wanaohangaika kutwa nzima bila kuchoka, na papo hapo hawamwachi mtu wao zaidi ya mita ishirini au thelathini. Zamani koka na springa, aina mbili za spanieli, walitoka tumbo moja. Aliyekuwa chini ya ratili 25, yaani kilo 11 na kitu, aliitwa koka, aliyezidi hapo akaitwa springa. Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza kilichoanzishwa 1873, kilianza kuwatenganisha kwenye miaka ya 1890, na springa akaandikwa kama aina ya peke yake mwaka 1902.

Pua hiyo haijastaafu. Polisi, forodha na jeshi la hapa wanawatumia spanieli kunusa dawa za kulevya, pesa na milipuko. Springa mmoja wa jeshi, Buster, alipewa Medali ya Dickin, tuzo ya ushujaa ya wanyama, mwaka 2003 kwa kugundua silaha zilizofichwa huko Safwan, Iraq.

Pima nyumba yako kwa mambo mawili hayo, pua isiyotulia na mbwa asiyevumilia kuwa mbali na mtu. Mbwa wa nyumbani kwetu hulala nje, lakini siku nzima ana shughuli zake: lango, wapita njia, mbwa wa jirani, kuku wa kufukuza. Ndiyo maana anatulia. Spanieli ukimfungia kwenye bustani ndogo ya Leicester hatakuwa mlinzi wako, na mwizi akija atamletea mpira. Atabweka mpaka jirani apige simu halmashauri, atachimba nyasi zote, na akirudishwa ndani atatafuna fremu ya mlango. Nimewatibu wengi waliovunjika meno au kung'oka kucha kwa kukwaruza milango ya nyumba zisizo na watu. Mbwa hao hawakuwa wakali wala wajinga, walikuwa peke yao tu.

Kwa hiyo kabla ya kutazama picha ya mbwa yeyote, toa ratiba yako ya zamu na ya mume wako, za miezi mitatu, uziweke mezani pamoja. Zamu ya saa kumi na mbili ukiongeza safari ni saa kumi na tatu na zaidi. Mashirika ya ustawi wa mbwa hapa yanashauri mbwa mzima asiachwe peke yake zaidi ya saa nne hivi. Mtoto wa wiki nane havumilii hata robo ya hizo. Anahitaji kutolewa nje kila saa moja au mbili, na usiku anaamka. Pigia mstari kila siku ambayo nyumba inabaki tupu kupita saa nne. Zikiwa moja au mbili kwa wiki, tatizo lina dawa: jirani, au mtu wa kulipwa aje mchana kumtembeza, ambaye kwa kawaida hutoza pauni kumi na kitu kwa saa. Zikiwa nne, jibu langu ni hapana, na halitabadilika hata mbwa mwenyewe akiwa wa bure. Halafu hesabu siku unazolala mchana baada ya zamu ya usiku. Kwenye kalenda zinaonekana kama siku za mtu kuwepo nyumbani, lakini mbwa mchanga hatakuacha ulale, na wewe una wagonjwa wa kuhudumia jioni.

Watoto usiwahesabu. Mtoto wa miaka 11 anaweza kusaidia, wa miaka 7 anaweza kujaza bakuli la maji. Ahadi walizokupa za kumtembeza mbwa zilitolewa kwenye jua la Julai. Januari, saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia, mvua inanyesha kwa ubavu, atakayevaa buti ni wewe.

Jirani yako ndiye hazina yako hapa. Muombe umtembeze koka wake kila asubuhi kwa wiki mbili, kabla ya kazi, na ikiwezekana iwe majira ya baridi. Umrudishe akiwa na matope mpaka tumboni, umkaushe mwenyewe, umpekue masikio. Nimeona familia zilizofanya hivyo zikaghairi kwa amani, na nyingine zikapata moyo. Zote zilifaidika.

Tuseme hesabu ya saa imekaa sawa. Bado hujajibu ni spanieli yupi, na hapa wengi hukosea kwa sababu jina moja linabeba mbwa tofauti kabisa. Springa ni mkubwa, kilo ishirini na kitu, na anataka zaidi ya saa mbili za mazoezi kwa siku. Kwa ratiba yako mwache. Koka wapo wa namna mbili. Wa maonyesho ya urembo wa mbwa ni mzito kidogo, kilo 13 hadi 14 na nusu, masikio marefu yanayoanzia chini, manyoya mengi, ana kasi lakini anajua kupumzika. Wa kazi ni mwembamba, kichwa bapa, manyoya mepesi, mara nyingi mkia umekatwa, na injini yake haizimiki. Watu wa mijini humpenda huyu wa pili kwa kuwa hahitaji saluni sana, halafu baada ya miezi minane wanapiga simu kliniki wakiuliza kama kuna dawa ya kumtuliza. Hakuna. Kuna kazi tu. Tangazo linaweza lisiseme wazi, basi soma karatasi ya ukoo: herufi FTCh mbele ya majina ya mababu ni mabingwa wa mashindano ya uwindaji, na Sh Ch ni mabingwa wa maonyesho. Ukoo uliojaa FTCh upite bila kugeuka nyuma.

Utaniuliza, basi si tuchukue Cavalier King Charles, yule spanieli mdogo wa kilo tano hadi nane anayependa kukaa mapajani? Kwa tabia, huyo angeifaa nyumba yako kuliko wote, na ndiyo maana inaniuma kukwambia yafuatayo. Cavalier wa leo ni aina changa. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Roswell Eldridge, aliweka zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kwa atakayeleta spanieli mwenye pua ndefu kama wale wa michoro ya kale ya wafalme. Waliopatikana walikuwa wachache, vita vikawapunguza zaidi, na Kennel Club ilipomtambua mwaka 1945 ukoo mzima ulisimama juu ya mbwa wa kuhesabika. Uchache huo umewaachia mioyo dhaifu na mafuvu madogo. Wakifika miaka mitano, karibu nusu yao daktari akiweka kipimo kifuani anasikia vali inayovuja. Wakifika kumi ni karibu wote. Fuvu likiwa dogo kwa ubongo uliomo, maji ya uti wa mgongo hukosa njia na kuchimba mifuko ndani ya uti, hali iitwayo siringomielia. Mbwa anajikuna shingo hewani bila kuigusa, analia akinyanyuliwa, hawezi kulala ila ameegemeza kichwa juu. Norway suala hili lilifika mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba kuwazalisha Cavalier kama ilivyokuwa ikifanyika ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama ya nchi hiyo.

Hapa Uingereza haijapigwa marufuku, na wapo wafugaji wanaojitahidi kweli. Kwao nakuruhusu uende, lakini kwa masharti ambayo hutayapunguza hata kwa machozi ya watoto. Wazazi wote wawili wawe wamepimwa moyo na mtaalamu wa moyo wa wanyama. Wazazi wa hao wazazi wawe walikuwa na moyo safi walipofika miaka mitano. Asiwepo aliyezaa kabla ya miaka miwili na nusu, na ziwepo picha za MRI za kichwa na shingo. Mfugaji akikwambia "daktari wetu aliwaangalia, wako vizuri", maana yake hawakupimwa.

Ile sheria ya 2020 niliyoitaja mwanzo inabeba jina la Cavalier mmoja. Lucy alitolewa mwaka 2013 kwenye shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, baada ya kuzalishwa mfululizo kwa miaka. Mgongo ulikuwa umepinda na manyoya yamenyonyoka sehemu kadhaa. Alikufa mwishoni mwa 2016. Daktari wa wanyama Marc Abraham na wenzake wakaipigania sheria mpaka ikapita. Wauzaji wa aina ya huyo wako wamebadilisha mbinu tu. Siku hizi wanapanga nyumba ya kawaida kwa muda, wanaweka jike lolote lenye rangi inayofanana, wanakwambia ndiye mama. Kwa hiyo usitosheke kumwona mbwa mkubwa chumbani. Mama anayenyonyesha chuchu zake zimevimba na kushuka, watoto wanamkimbilia na kumtafuta tumboni, na yeye anawajali au anawakwepa kwa kuwachoka, lakini anawajua. Jike lililokaa kando kama mgeni, au linalowakoromea, si mama yao. Na zile hadithi za "mama yuko kwa daktari" au "mama ametoka na mume wangu" zimeshazeeka. Aga, ondoka.

Kwako wewe, kama hesabu ya saa imekubali, mbwa ninayemwona ni koka wa maonyesho aliyekwisha kukua, wa miaka mitatu hadi sita, kutoka kituo cha kuwatafutia mbwa makazi mapya. Ameshajua haja ni nje, ameshapita umri wa kutafuna viatu, na tabia yake inaonekana, hubahatishi. Jaribu Dogs Trust, Blue Cross na RSPCA, na mashirika yanayoshughulika na spanieli tu kama Spaniel Aid. Watakuja kuona nyumba, watauliza saa zenu, watauliza umri wa watoto, na huenda wakakataa mara mbili tatu kwa sababu ya huyo wa miaka 7. Usiudhike. Wanaujua uchungu wa mbwa anayerudishwa mara ya pili. Ada yao ni ndogo kuliko bei ya sokoni, na mbwa anakuja ameshachanjwa, amewekwa chipu ya utambulisho chini ya ngozi, na mara nyingi ameshafungwa uzazi.

Waulize jambo moja bila aibu: analinda vitu? Koka ana sifa hii kuliko watu wanavyokubali. Ameokota soksi, amejikunja nayo chini ya meza, ukinyoosha mkono anakoroma. Katika nyumba ya watu wazima ni jambo la kufundisha polepole. Katika nyumba ya mtoto wa miaka 7 ni uso wa mtoto kung'atwa, kwa sababu urefu wake unalingana na meno. Mbwa wa namna hiyo asije kwako. Na hata asiyekuwa hivyo anaweza kufundishwa ubaya huo na nyie wenyewe, mkiwa na mazoea ya kumpokonya kila alichookota. Spanieli kuokota ndiyo kazi yake. Mfundisheni kubadilishana: alete kiatu, apewe kipande cha nyama, asifiwe. Watoto wajue kwamba chenye hatari anapokonywa na mtu mzima tu, na mbwa anayekula haguswi.

Ukiamua mtoto wa mbwa, tafuta mfugaji kabla hajazaliwa mbwa unayemtaka. Wazuri wana orodha ya kusubiri, na watakuhoji kama ofisa uhamiaji. Nani atakuwepo nyumbani, uzio una urefu gani, mwenye nyumba amekubali? Furahi ukihojiwa. Anayeuliza tu "utalipa kwa njia gani" ndiye wa kumwogopa, pamoja na anayetangaza aina nne za mbwa kwa namba moja ya simu. Na wewe uliza vyako. Kwa koka, wazazi wawe na kipimo cha DNA cha upofu wa retina unaorithiwa na cha ugonjwa wa figo ambao huua mbwa akiwa bado kijana, wa miezi kadhaa hadi miaka miwili. Wa ukoo wa kazi waongezewe kipimo cha ugonjwa wa neva unaomfanya mbwa ajitafune miguu bila kuhisi maumivu. Macho yawe yamekaguliwa kwa ajili ya presha ya macho, na nyonga zipigwe picha: alama huanzia 0 hadi 106, na ndogo ndiyo nzuri. Mzazi mmoja akiwa mbebaji wa kasoro na mwenzake yuko safi, hakuna mtoto atakayeugua. Wakiwa wabebaji wote wawili, kila mtoto ana uwezekano wa robo kuupata ugonjwa. Usimwamini mtu kwa mdomo. Matokeo ya mbwa walioandikishwa yanatafutwa kwa jina kwenye tovuti ya Kennel Club, bure.

Kuandikishwa kwenyewe, hata hivyo, si cheti cha afya. Kunakwambia ukoo, na kunaweka mipaka kidogo: Kennel Club haiandikishi watoto wa jike lililozaa zaidi ya mara nne. Cheti kingine cha kuangalia ni leseni ya halmashauri. Anayezalisha na kuuza mizao mitatu au zaidi ndani ya miezi 12, au anayefanya hivyo kibiashara, lazima awe nayo, na namba yake iwe kwenye tangazo. Leseni yenyewe hupewa nyota, moja hadi tano. Mtu mwenye jike moja nyumbani anayeuza mzao mmoja kila baada ya miaka hahitaji leseni, na mara nyingi huyo ndiye bora. Kwa wote wawili, mtoto asiondoke kabla ya wiki nane, na sheria inataka aondoke akiwa na chipu yenye jina la mfugaji kama mwenye mbwa wa kwanza. Chipu ikiwa na jina la mtu mwingine, umeshapata jibu la alikotoka.

Mkia mfupi usikuvutie. Tangu 2007 kukata mkia ni kosa England na Wales, isipokuwa kwa mbwa wa kazi wa aina chache, spanieli wakiwemo. Wao wanakatwa na daktari kabla ya siku tano, na cheti kinatolewa. Koka wa nyumbani mwenye mkia uliokatwa na asiye na cheti ni ushahidi wa kosa. Na hao wa madoadoa ya kijivu wanaoitwa merle, wanaouzwa ghali kwa madai kwamba ni adimu, waache. Rangi hiyo si ya asili kwa koka, na wazazi wawili wenye nayo wanaweza kuzaa viziwi au vipofu. Koka wa kweli mwenye wazazi waliopimwa kwa kawaida huvuka pauni 1,000. Bei ya 650 ingekushtua hata bila kile kituo cha mapumziko.

Mwenye nyumba. Omba kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi, kabla ya kumwahidi mtoto chochote. Kwa England, sheria ya wapangaji ya 2025 inampa mpangaji haki ya kuomba kufuga kuanzia Mei 2026, na mwenye nyumba hapaswi kukataa bila sababu ya msingi. Bima ianze siku mbwa anapoingia ndani, na iwe ile inayoendelea na ugonjwa mwaka hadi mwaka. Zile za bei rahisi huacha kulipia ugonjwa baada ya miezi 12, na magonjwa ya spanieli ni ya maisha: masikio, ngozi, macho. Hospitali unayofanyia kazi haina tawi la mbwa, na bili za wanyama zinatisha.

Kuhusu masikio, ni kazi ya kila wiki. Yameziba, yana manyoya ndani, yanahifadhi unyevu, na koka anaongoza kliniki yangu kwa uvimbe wa sikio. Fundisha mkono wako kuyainua na kuyanusa, harufu ya chachu ni dalili ya kuja kwangu. Juni hadi Agosti kuna mbegu za nyasi, vile vimshale vikavu vya kando ya njia. Vinaingia sikioni au kati ya vidole na kuendelea kuzama nyamani, havirudi nyuma. Mbwa aliyerudi matembezini akitikisa kichwa kwa nguvu, ameinamisha upande mmoja, aletwe siku hiyohiyo. Manyoya nayo yanataka brashi karibu kila siku na saluni kila baada ya wiki sita au nane.

Amebaki mama. Miezi sita ya bibi nyumbani inaweza kuwa ndiyo iliyokosekana kwenye hesabu yako ya saa, lakini usimfanye yaya wa mbwa bila kumwuliza. Mwambie mapema kwa simu, si uwanjani Heathrow. Tenga chumba chake kiwe mahali ambapo mbwa haingii, weka kizuizi cha mlangoni kama kile cha watoto. Mpango huohuo utawasaidia marafiki zenu Waislamu wakitaka pa kuswalia pasipo mate ya mbwa. Akishamzoea, na spanieli huwa hachukui wiki kumteka mtu mzima, tatizo litahamia jikoni. Bibi atataka kumlisha mbwa kama anavyolishwa mbwa Moshi, ugali uliobaki na mchuzi juu yake. Vitunguu vya kwenye mchuzi vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Zabibu kavu za kwenye pilau zinaweza kuua figo. Mafuta mengi yanamwasha kongosho, na koka ana udhaifu wa kongosho. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Basi mwekee kwenye friji bakuli la karoti na kuku wa kuchemsha bila chumvi, apate cha kumpa mkono wake ukitaka kutoa. Mifupa itoke nje moja kwa moja kwenye pipa kubwa, maana ile ndoo ya jikoni ya kukanyaga kwa mguu, koka anaijua kuifungua.